Bi Johari Atakuja

Nilifanya kazi na Bi Johari Mohdhar kwa miaka kumi na mitatu, saba ya mwisho nikiwa katibu wake, na kila barua aliyoitia sahihi pale studio niliipiga taipu mimi, Pascalia Garama. Nasema hivi ili ijulikane kwamba sikusimuliwa na watu wa barazani. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na yale nisiyoyaona aliniambia mwenyewe, siku moja ya Jumamosi, tukiwa tumeketi uani kwao Kisauni.

Studio ilikuwa Magongo, ndani ya ghala lililowahi kuwekwa korosho. Ilifunguliwa mwaka 1983. Hatukuwa kituo cha televisheni. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza vipindi, kuvitia kwenye kanda na kuvipeleka Nairobi virushwe huko. Kuta tulizifunika kwa trei za mayai na mablanketi ili kuzuia kelele za malori ya bandarini, lakini ndege hazikuwa na dawa. Kila ndege ilipokaribia kutua kwenye uwanja wa Port Reitz, mtu aliinua mkono, na kila mmoja akaganda alipokuwa, mwimbaji mdomo wazi, mpishi mwiko hewani, mpaka mngurumo upite.

Bi Johari aliajiriwa mwaka huohuo wa kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ameachika, hana mtoto. Walimpa kazi ya kushika saa na kuandika daftarini kila kipande kilichorekodiwa. Wanaume wa kamera walimwita "mama saa" na walidhani angechoka baada ya mwezi. Hakuchoka. Mwaka 1986 alipewa kipindi cha mapishi ya Pwani, akakifanya watu wa bara wakatamani kula kaimati. Mwaka 1989 meneja wetu alipostaafu, wakubwa walizunguka wakitafuta mtu kwa miezi miwili, mwisho wakamkalisha yeye kwenye kile kiti. Nakumbuka siku ile alivyolipapasa lile jokofu dogo la ofisini kama mtu anayepapasa mbuzi wa sikukuu. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Kwao ni Kisauni. Baba yake, marehemu, alisomesha madrasa, na mama yake, Bi Mishi, aliishi na binti yake mdogo, Barke, na mume wa Barke, mwalimu Jaffar. Kwa watu kama hao mtu hapimwi kwa kazi anayoifanya mjini. Hupimwa kwa alipoonekana: nani alikuja kuosha maiti, nani alilala matangani, nani aliketi kuchambua mchele siku mbili kabla ya arusi. Bi Johari hakuonekana. Alituma salamu, alituma udhuru, na udhuru wenyewe niliuandika mimi. Mara baada ya dada yake kupewa umeneja, Barke alikuja ofisini, akakataa soda, akasema kwamba kila shughuli mama yao huulizwa Johari yuko wapi, naye huinamisha kichwa. Bi Johari alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia kwamba kuna kipindi kinamsubiri.

Baada ya hapo lawama zikakoma. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hapana simu wala mjumbe. Tulidhani wamekata tamaa.

Mwezi wa tano mwaka 1990 alikuja mwanamke kutoka Bombolulu anayeitwa Dhahabu, fundi wa shanga katika karakana ya pale, anayetembelea gongo. Alitaka kumwona Bi Johari. Nilimwingiza nikabaki mlangoni. Dhahabu alimshukuru Bi Johari kwa kumwosha marehemu mama yake na kukaa naye matangani siku tatu. Alisema hakutegemea mtu wa cheo kama yeye achote maji kisimani na kuosha sufuria za watu. Bi Johari alimwambia kwa upole kwamba amemfananisha. Siku hizo tatu anazozitaja, Jumanne hadi Alhamisi, alikuwa hapa akirekodi, na mimi nilikuwa naye tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Dhahabu akacheka, akadhani ni unyenyekevu. Akafungua kifurushi cha gazeti akatoa leso moja ya kahawia, akasema, hii uliisahau kwenye kamba.

Kesho yake Bi Johari aliniita, akafunga mlango. Aliniambia kwamba nyumbani kwake, ndani ya sanduku, alikuwa na doti ya leso kama ile, ambayo hajapata hata kuikata. Usiku aliifungua. Ilikuwa imekatwa, na upande mmoja haupo.

Tulikubaliana kwamba labda msichana wa kazi aliichukua. Tulikubaliana haraka sana.

Mwezi wa kumi na mbili ikaja arusi ya binti wa khalati yake, Likoni. Alialikwa, akaahidi, na siku yenyewe mkubwa mmoja akaja kutoka Nairobi bila taarifa, asiweze kutoka. Mpiga kamera wetu wa kike, Sidi, ndiye aliyekuwa amekodiwa kupiga upande wa wanawake, maana huko mwanamume haingii. Jumatatu Sidi alikuja na kaseti ili aihariri kwa mashine zetu, na alipompita Bi Johari ukumbini akamwambia, kwa mzaha, kwamba juzi alimharibia picha nyingi kwa kumpa mgongo.

Bi Johari aligeuza njia. Aliingia chumba cha kuhariri, akaniashiria nimfuate, akamwambia Sidi aweke ile kaseti.

Ilikuwa saa sita ya mchana, feni inazunguka, nje watu wanapakua viazi kwenye lori. Kwenye monita wanawake walikuwa wameketi mikekani, wamejipamba, wengine wanapiga makofi. Katikati aliketi Bi Mishi, na karibu yake mwanamke ambaye uso wake hatukuuona. Bi Johari alimwambia Sidi arudishe nyuma, asimamishe, aende taratibu, kama anavyofanya akikagua kipindi. Tuliitazama saa nzima. Sidi alikuwa amezunguka ukumbi wote akipiga picha, kulia, kushoto, mbele, na kila kamera ilipofika upande ule, yule mwanamke alikuwa ameshageuka, bila haraka, kama mtu aliyejua mapema lenzi itakuwa wapi. Mabega yalikuwa ya Bi Johari. Shingo ilikuwa yake. Alipocheka alijifunika mdomo kwa ncha ya leso, na nikakumbuka kwamba Bi Johari naye alikuwa na tabia hiyo zamani, kabla hajawa mkubwa. Muda wote huo mkono wa Bi Mishi ulikuwa juu ya goti lake, haukuondoka.

Sidi aliuliza kama kuna kosa. Bi Johari akasema hapana, picha ni nzuri.

Tulipobaki wawili nilimwambia amwone sheikh, asomewe. Mimi ni Mkristo, lakini kwetu Kaloleni pia mambo haya yana watu wake. Macho yake yalikuwa kwenye monita iliyozimwa. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Pascalia, umeuona mkono wa mama? Miaka mingapi hajanishika hivyo. Kama yuko wa kwenda, basi aende."

Tangu siku hiyo sikuandika udhuru tena. Kila mwaliko ulipoletwa, uwe ni wa hitima, arusi, mtu aliyelazwa au mtoto aliyezaliwa, aliniambia, "Waambie nitakuja." Nikaandika: Bi Johari atakuja. Na hakwenda hata mara moja, na hakuna aliyelalamika. Badala yake shukrani zikamiminika. Watu wa Kisauni walileta sahani za halua na mahamri hadi langoni. Walisema hajabadilika, cheo hakikumpanda kichwani. Yeye alizipokea zile sahani, akawagawia wafanyakazi, akarudi kazini.

Hiyo ndiyo miaka aliyopanda. Hakuwa na mtu wa kumvuta nyuma. Alileta kamera mpya, akajenga chumba cha pili cha kurekodi, akaanzisha mchezo wa kila wiki ambao watu wa Changamwe walikuwa wakikusanyika madirishani mwa wenye televisheni kuutazama. Mwaka 1994 alifanywa mkurugenzi. Kila kilichorekodiwa Pwani kilipita mezani kwake. Wakubwa wa Nairobi waliokuwa wakimwita "yule dada" sasa walisimama akiingia.

Mimi nami jambo hili lilinifika, na sitalificha. Mwaka 1993 nilijifungua binti, na baada ya ubatizo tuliandaa chakula nyumbani kwangu Chaani. Nilimwalika kwa adabu tu, nikijua jibu. Akasema atakuja. Nilipoisikia sauti yake mlangoni ikipiga hodi, sahani ilinidondoka. Aliingia, akavua viatu, akaketi na wazee wangu, akawaamkia kwa Kigiriama, lugha ambayo Bi Johari hakuijua hata salamu yake. Alimpakata mtoto. Mikono yake ilikuwa ya joto, kama ya mtu yeyote. Mama yangu alimwuliza mtoto aitwe nani jina la nyumbani, naye akamtazama yule mtoto kwa muda, akasema, "Mapenzi." Wote wakapenda. Sikumwona akiondoka, kiti kilikuwa kitupu, na chai yake imenywewa.

Jumatatu, Bi Johari alipokuwa akisaini barua, aliniuliza mtoto tumempa jina gani. Nikamwambia. Akasema ni jina zuri, tumelipata wapi. Nikasema kwa wazee.

Niliogopa, lakini nilikuwa na kazi na watoto. Na woga ukikaa nao kila siku unakuwa kama harufu ya mafuta ya kiwanda cha jirani, huisikii tena.

Mwezi wa sita mwaka 1996 Bi Johari alikwenda mkutanoni katika hoteli moja ya Nyali. Huko alikutana na binamu yake, Abdillahi, mtu wa forodha. Abdillahi akampa pole, akasema alimwona hospitali akimlisha mama yake uji, na je, tangu arudishwe nyumbani anaendeleaje? Bi Johari hakujua kwamba mama yake aliugua. Alikuwa amelazwa wiki tatu, na hakuna aliyemwambia, maana machoni pa watu yeye ndiye aliyekuwa akilala chini kando ya kitanda chake.

Aliacha mkutano, akamwambia dereva ampeleke Kisauni. Ilikuwa baada ya alasiri. Alipiga hodi katika nyumba aliyozaliwa. Barke alifungua, mikono ina unga, akamtazama kidogo tu akasema, "Dada, umerudi? Umesahau nini?"

Bi Johari akampita akaingia chumbani. Bi Mishi alikuwa kitandani, amekonda, macho yameingia ukungu, haoni tena ila mwanga. Bi Johari akaketi kwenye kigoda, akamshika mkono, akasema, shikamoo mama. Bi Mishi alizipapasa zile kucha zilizopakwa rangi, kiganja, vidole kimoja kimoja.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mimi mama. Johari."

"La. Mkono huu haujaosha sufuria." Akasema kwa upole, kama anayemwonea haya mtu aliyepotea nyumba. "Johari yuwaja magharibi. Kaa mngoje, mwanangu. Barke, mpe mgeni chai."

Bi Johari akakaa. Aliniambia kwamba chai ililetwa kwa kikombe cha wageni, akainywa. Barke aliendelea na kazi zake akidhani mama anaweweseka, kama alivyozoea siku hizo. Ilipoadhiniwa msikitini, Bi Mishi aliugeuza uso mlangoni, ukachangamka. Bi Johari aliangalia mlango. Hakuona mtu. Pazia halikutikisika.

"Ndoo mwanangu," Bi Mishi akasema, kama anayemwita mtu aingie. "Yeo umekawia."

Akaisogeza miguu yake ukutani kumpa mtu nafasi, na godoro, upande ule wa ukingo, likabonyea. Liliingia chini taratibu, kama linavyoingia mtu mzima akiketi, likatulia. Bi Mishi akaanza kuzungumza. Alieleza mambo madogo, kwamba uji wa leo ulikuwa na chumvi, kwamba jirani amepata mjukuu, akinyamaza kila mara kama anayesikiliza majibu, na akicheka. Bi Johari alikuwa kwenye kigoda, hatua moja tu, wala hakuwamo katika mazungumzo yale. Aliniambia kwamba hofu aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, lakini kijicho kilikuwa kikubwa zaidi.

Alisimama. Akakiambia kile kilichokuwa pale kitandani, "Toka. Hapa nitakaa mimi."

Godoro likapanda.

Bi Mishi akanyoosha mkono, akatafuta, akatafuta, kisha akaanza kulia kama mtoto. "Mbona wamfukuza mwanangu, mgeni? Amekukosea nini?"

Usiku ule Bi Johari alilala chini kando ya kitanda. Alimwambia dereva arudi, na kwamba hatamhitaji kesho.

Hayo niliyajua baadaye. Niliyoyaona mimi ni haya. Kesho yake, Ijumaa, Bi Johari aliingia ofisini saa mbili kasoro robo kama kawaida. Aliniamkia, akaagiza chai, akaita kikao. Dereva alisema hakumleta yeye, alimkuta tu amesimama langoni mwa studio peke yake. Jumatatu alikuja, Jumanne alikuja. Kazi ilikwenda kuliko siku zote. Kitu kimoja tu nilikiona: tulipokuwa tukirekodi, aliinua mkono kusimamisha watu, sote tukaganda, na ukumbi ulikuwa kimya. Tukahesabu kama sekunde kumi. Ndipo ndege ikasikika kwa mbali.

Jumatano mwalimu Jaffar aliacha bahasha langoni. Niliifungua pamoja na barua nyingine. Mwandiko ulikuwa wa Bi Johari, tarehe ya Jumatatu. Alisema mama yake ni mgonjwa, yeye yuko Kisauni tangu Alhamisi, hatarudi kazini, na kwamba barua ile ihesabiwe kuwa ya kujiuzulu.

Niliisoma mara tatu. Kupitia kioo cha mlango nilimwona ndani, amevaa miwani, anatazama monita. Niliingia nikaiweka mbele yake, kwa kuwa sikujua la kufanya jingine. Aliisoma bila kubadilika uso. Akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Hii haina haja ya jibu," akasema. "Waambie studio waendelee."

Jumamosi nilikwenda Kisauni. Nilimkuta Bi Johari amechutama uani, amejifunga leso, anafua mashuka ya mgonjwa. Kucha zilikuwa zimekatika na uso umesawijika. Tuliketi kwenye jamvi akanieleza yote, tangu hotelini Nyali. Nilipomwambia kwamba ofisini yuko, na kwamba jana amesaini barua kumi na nne, aliyakamua yale mashuka mpaka maji yakaisha. Nilimwomba twende pamoja Jumatatu, asimame mbele yake, watu waone. Alifikiri.

"Nikienda huko," akasema, "nani atakuja hapa? Mwachie."

Bi Mishi aliishi wiki saba zaidi. Bi Johari alimlisha, akamgeuza, akamwosha. Mpaka mwisho mama yake alimwita mgeni. Alimwombea dua, alimwambia ana mikono myepesi, alimwuliza kwao ni wapi na kama mama yake yu hai. Mwanzoni Bi Johari alikuwa akimsahihisha, halafu akaacha, akawa anamjibu tu. Siku ya mazishi niliomba ruhusa ofisini nikasema nina msiba. Mkurugenzi alinipa bila kuniuliza wa nani. Siku ile, Sidi aliniambia, mkurugenzi alirekodi vipindi vitatu.

Mwezi wa kumi na moja yule wa ofisini alipandishwa cheo akahamishiwa Nairobi kusimamia vipindi vyote vya kampuni. Tulimfanyia karamu. Magazeti yalitoa picha yake, na ninayo moja niliyoikata: amesimama na wakubwa, na uso umegeuka upande.

Bi Johari wa Kisauni hakuiona, na sikumpelekea. Alibaki kwao. Watu walijua kwamba ameacha kazi mjini, wakasema amefanya vyema. Alikuwa wa kwanza kufika penye maiti na wa mwisho kuondoka arusini, na waliomshukuru kwa miaka ya nyuma aliwaitikia, Mungu atulipe sote.

Mwaka 1998 mkurugenzi alikuja Magongo kukagua studio, siku mbili. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Alinikumbatia, akaniuliza kama Mapenzi ameanza shule. Katika kuzungumza, kwa mazoea tu, ulimi uliniteleza nikamwuliza mama yake hajambo. Nilitaka kuyarudisha maneno, nisiweze.

"Mama hajambo kabisa," akasema. "Ninaye Nairobi. Siku hizi anaona vizuri, jicho limefunguka. Anapenda tu kulalamika baridi."

Jioni ile sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Kisauni nikamkuta Bi Johari sebuleni, ameweka ungo mapajani, anachambua mchele wa shughuli ya jirani. Nilimweleza nilivyoelezwa, neno kwa neno. Alisita, mchele ukabaki kwenye kiganja.

"Hukumwuliza kama anakula?"

Nikasema hapana, sikuweza.

"Kesho ukimwona, muulize," akasema. "Mwambie chumvi asimtilie nyingi."

Asubuhi nilifika kazini saa moja, kabla ya mtu yeyote. Mlinzi akaniambia kwamba mkurugenzi amekwisha kwenda zake Nairobi, na ujumbe ule wa chumvi ninao mpaka leo.